Mechi Moja ya Ngurumo

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni hii ya baridi. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko barabarani, punguza mwendo, maana njia yote ya kuingia Ohsweken ni barafu tupu, na gari la binamu yangu liko mtaroni kama ushahidi. Mimi ni Hubert Froman. Jioni hii tunamkumbuka mtu mmoja.

Anaitwa Emery Garlow. Narudia kwa wale waliochelewa kuwasha redio: Emery Garlow, wa ukoo wa Mbwamwitu, beki wa lakrosi ya ndani, ile ya ukumbini ya fimbo zenye wavu, fundi wa mapaa, mume wa Corinne, baba wa Tess. Alituaga wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na sita. Kesho ni karamu yake ya siku ya kumi.

Nimesema beki. Naomba neno hilo mlishike, kwa sababu ndilo maisha yake. Wafungaji wanajulikana. Watoto wetu wanavaa fulana zenye namba zao, mama zao wanabandika picha zao kwenye friji. Beki kazi yake ni kuhakikisha jambo halitokei. Na jambo lisipotokea, nani atalipigia makofi? Emery alicheza lakrosi ya kulipwa misimu kumi na minne, na mabao yake yote nayahesabu kwa mkono mmoja, kidole gumba kinabaki. Siku ya bao lake la kwanza alinyang'anya mpira, akajikuta yuko peke yake na kipa, akafunga, akageuka, akakimbia moja kwa moja mpaka mlango wa benchi, akatoka nje ampishe mwenzake, kama mabeki wafanyavyo kila mpira unapovuka katikati. Wenzake wakageuka wamkumbatie. Hayupo. Yuko benchi, anakunywa maji. Ilibidi kocha amwambie kwamba lile lilikuwa bao lake mwenyewe.

Mimi nilicheza dhidi yake ujanani, kwenye ukumbi wetu hapa, kiangazi, barafu ya hoki ikiwa imeshatolewa na sakafu iko wazi. Nilikuwa na mbio, msicheke. Nikaupokea mpira wavuni mwa fimbo yangu, nikamtazama Emery, nikamdanganya kwa bega la kulia, nikapita kushoto. Kilichofuata ni taa za dari. Nilizitazama taa zile kwa muda. Akaninyanyua, akanipangusa mgongo, akaniambia nisione vibaya. Alisema hakuutazama mpira wala uso wangu, alitazama magoti yangu tu, na magoti yangu yalishamwambia zamani ninaelekea wapi. Tangu siku ile nikaona heri nitangaze redioni.

Lakini huyu beki, wasikilizaji wapendwa, nusura asitufikie kabisa.

Alipokuwa na miaka sita aliugua mapafu. Hospitali ya mjini ilimtibu, ikamrudisha nyumbani, na nyumbani akaendelea kuisha. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Adelia. Wengi wenu mnamkumbuka Adelia: mwanamke mfupi, aproni ya buluu, jicho moja likikucheka na jingine likikupima. Adelia akaona mtoto hali chakula tena. Akaenda kwa wanaohusika, akaomba mtoto achezewe lakrosi.

Nyinyi wa hapa nyumbani mnajua ninachosema. Nyinyi mnaonisikiliza kutoka mbali, eleweni hivi: mchezo huu sisi wenyeji wa asili wa nchi hii tulipewa na Muumba kabla haujaanza kuuziwa tiketi, na mtu akiwa mgonjwa wanaume huucheza kwa ajili yake, nje, kwa fimbo za mbao, bila kofia za chuma, na hakuna anayeshindwa. Yanayotangulia na yanayosemwa pale siyasemi redioni, na msinipigie simu kuniuliza.

Wakamtoa Emery nje kwa kiti, amefungwa blanketi. Wakamchezea. Yeye mwenyewe alikuwa akisema anakumbuka vitu viwili tu: fimbo zikigongana, na kwamba ghafla alisikia njaa. Aliomba supu ya mahindi. Akamaliza bakuli, akaomba jingine. Adelia akageukia ukuta, akalia.

Na ukishachezewa, mchezo ule ni wako. Unauweka wewe mwenyewe kila mwaka, maisha yako yote. Kwa Emery ilikuwa hivi: majira ya kuchipua, siku ngurumo ya kwanza inaposikika kutoka magharibi, anawaita wanaume, anateleka sufuria, wanacheza. Siku hiyo hiyo au kesho yake. Ngurumo haina kalenda ukutani.

Sasa tuje kwenye lakrosi ya kulipwa.

Emery alipokuwa na miaka ishirini na mbili, alikuja mtu anaitwa Russ Pelkey, meneja wa timu moja ya mjini. Jina la timu mnalijua, na wahusika bado wako hai, basi tuliache. Pelkey alikaa jikoni kwa Emery na Corinne, waliokuwa wameoana mwaka ule, akaeleza kila kitu: mazoezi, safari, mechi za wikendi, ili mtu aendelee na kazi yake siku za wiki. Emery akakubali yote. Akaomba jambo moja.

"Kila majira ya kuchipua nitahitaji kukosa mechi moja," alisema. "Ni ya Ngurumo."

Pelkey alikuwa ameishi na wachezaji maisha yake yote. Kila mmoja alikuwa na timu ya nyumbani: Nyuki wa huku, Dubu wa kule. Akaitikia kwa kichwa. "Ngurumo. Sawa. Siwezi kumtenga mtu na timu ya kwao. Mechi moja."

Wakapeana mikono. Corinne alikuwa akimimina kahawa. Nilimtembelea juzi, akanisimulia. "Nilimtazama Emery, Emery akanitazama mimi. Nikangoja amsahihishe yule mzungu. Akaomba sukari."

Basi, wasikilizaji wapendwa, kosa hilo likaishi miaka tisa. Jumatatu mpaka Alhamisi Emery yuko juu ya paa la mtu na nyundo. Ijumaa anatupa begi garini, anakwenda kuwazuia watu wasifunge. Jumatatu huyo tena juu ya paa, shavu limevimba, anasalimia wapita njia. Na kila majira ya kuchipua, ngurumo ikiangukia wikendi, anakosa mechi moja. Akirudi, Pelkey anamwuliza.

"Ngurumo walishinda?"

"Walishinda."

"Mangapi?"

"Hatukuhesabu."

Pelkey akawa anawasimulia mameneja wenzake kwamba Garlow ana timu ya mtaani haijawahi kufungwa. Mwaka mmoja alimvuta Emery pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kijana yeyote kwenye hao Ngurumo anayefaa kutazamwa. Emery akamjibu kwamba hapana, wote ni wazee sana. Sisi hapa tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukamwambia amweleze yule mtu, na yeye akawa anasema atamweleza. Ila mechi alizokosa zilikuwa za kawaida tu, na alikuwa mtu wa kupenda utani kuliko maelezo.

Mpaka mwaka wa tisa. Timu yao ikafika fainali. Emery alikuwa na miaka thelathini na moja, na hakuwa amewahi kugusa kombe la kulipwa. Narudia: miaka tisa, hajawahi kugusa kombe. Fainali ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, mjini. Timu pinzani ilikuwa na mfungaji wa kutisha, Curtis Doxtator, Mwoneida wa kule mto Thames wa huku kwetu, taifa la asili kama letu, ndugu yetu kabisa. Ligi nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyemweza Doxtator, naye alikuwa Emery. Magazeti yaliandika hivyo. Corinne alinunua gauni. Mimi niliazima basi la kanisa tupande pamoja.

Jumamosi asubuhi Emery alikuwa juu ya paa na shemeji yake Lorne, wanamalizia kazi mapema. Lorne anasema anga ilikuwa safi. Upepo kidogo. Kisha, mbali, upande wa magharibi, ikasikika.

Lorne aliiweka nyundo chini. Alimtazama Emery. Emery aliendelea kugongelea msumari mmoja mpaka ukazama wote, na hata ulipozama akaendelea kuupiga. Halafu akashuka.

Alikwenda kwa bibi yake kwanza. Alitaka sana kucheza ile fainali, tusidanganyane. Mtu akifa tunapenda kumfanya malaika, na Emery hakuwa malaika, alikuwa beki. Alikuta Adelia anaosha mahindi ya supu kwenye beseni, anatoa majivu yaliyochemshiwa. Alimwuliza kama mchezo ungeweza kungoja mpaka Jumatatu. Alieleza habari ya fainali, habari ya Doxtator, habari ya basi. Adelia alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Mimi sikuzuii," alimwambia. "Ulikuwa huwezi kushika kijiko. Nilipoomba uchezewe ilikuwa katikati ya wiki. Wanaume waliacha kazi zao wakaja. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama Jumamosi ingefaa."

Akaendelea kuosha mahindi. Emery akaingia ndani, akampigia Pelkey simu. Corinne, aliyekuja kumwonyesha bibi gauni lake jipya, alikuwa amesimama pale mlangoni, gauni bado limo kwenye mfuko.

"Meneja, kesho sipo. Ni ile ya Ngurumo."

"Kesho? Emery, kesho ni fainali. Hao Ngurumo hawawezi kuahirisha?"

"Huwa hawaahirishi."

"Nipe namba ya kocha wao. Nitazungumza naye mwenyewe."

Corinne anasema Emery alifunika simu kwa kiganja, akacheka, machozi yanamtoka, na kwamba hajui mpaka leo kama kilikuwa kicheko. Kisha akaondoa kiganja, akamweleza. Alimweleza yote, kwa upole, jambo alilopaswa kulifanya miaka tisa nyuma badala ya kuomba sukari.

"Unaniambia ni ngurumo ya mawinguni," Pelkey alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote hii nimekuwa nikiuliza matokeo."

"Ulikuwa unauliza vizuri, meneja."

"Usipokuja kesho, Emery, usirudi tena."

Jumapili saa nane mchana, wasikilizaji wapendwa, Emery Garlow alikuwa uwanjani nyuma ya nyumba ya bibi yake, miguu kwenye tope, fimbo ya mbao mkononi. Nami nilikuwepo. Basi la kanisa lilirudi kanisani. Kwenye redio ya gari la mtu, lililoegeshwa mbali, fainali ilikuwa inatangazwa, na Lorne akaenda akaizima. Emery alicheza siku ile kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Alinigonga mara mbili bila sababu. Halafu, polepole, akalegea. Mwisho alikuwa anacheka na kumtania Lorne kwamba anakimbia kama amebeba ngazi. Jioni akala.

Mjini walifungwa kwa bao moja, katika dakika za nyongeza. Mfungaji, Curtis Doxtator. Beki aliyepewa kumlinda alikuwa kijana mzuri, lakini aliutazama mpira.

Magazeti yalisema maneno. Mengine yalisema mchezaji kaitupa timu kwa sababu ya hali ya hewa. Pelkey alitimiza aliloahidi, Emery akaachwa. Mwaka mzima hakuwa na timu. Alipanda mapaa, akawafundisha watoto wetu ukumbini, wavulana na wasichana, siku za Jumatano. Aliwakataza kutazama mpira. Ukipita nje ulikuwa unasikia sauti yake tu: "Magoti! Nani kakwambia utazame uso wake mzuri?" Watatu kati ya watoto wale wanacheza lakrosi ya kulipwa leo. Wote mabeki. Mama zao, waliotaka wafungaji, hawajanisamehe kwa kuwasifu hewani.

Kisha timu moja ya ng'ambo ya mto Niagara ikamwita. Safari hii, kabla hajaketi, Emery aliinua kidole kuelekea dari, akasema, "Ngurumo. Ile ya juu. Si timu." Meneja mpya akakubali. Akacheza misimu mitano zaidi, na kila mwaka akakosa mechi aliyopaswa kukosa. Kombe hakulipata. Narudia, maana kuna watu wameanza kusema alilipata: Emery Garlow hakuwahi kushinda kombe la kulipwa. Na alipostaafu, nilimwuliza hapa hapa, kwenye kiti hiki kinachonung'unika, kama ile Jumapili inamuuma bado. Akasema inamuuma kila akimwona Doxtator kwenye televisheni. Akasema pia kwamba angeulizwa tena, angekaa nyumbani tena. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na nilimwamini yote mawili.

Vuli iliyopita mapafu yalimrudia. Safari hii madaktari hawakuficha kitu. Januari, Lorne akaja na wazo kwamba achezewe, asingoje ngurumo. Emery alikataa. Alisema amewasumbua watu kila mwaka tangu utoto, magoti yao yamezeeka, na theluji imefika kwenye mashavu ya miguu. Corinne akamwambia anyamaze, kwa lugha ambayo siwezi kuirudia redioni, na wakaita watu.

Nimeona michezo mingi. Sijawahi kuona wanaume wengi vile. Walisukuma theluji kwa sepetu mpaka uwanja ukaonekana. Walitoka Onondaga, walitoka Tonawanda. Na kutoka mto Thames akashuka mtu mmoja mwenye mvi, fimbo ya mbao begani. Curtis Doxtator.

Nilimwomba Curtis ruhusa nirudie aliyoniambia siku ile kando ya uwanja. Akasema nirudie. Alisema hivi: "Jumamosi ile na mimi niliisikia. Nilikuwa hotelini. Mimi pia nilichezewa nikiwa mdogo, Hubert. Nikaongeza sauti ya televisheni. Kesho yake Emery hakutokea, na ukumbi mzima ulikuwa unauliza yuko wapi. Mimi nilijua. Nikafunga, nikabeba kombe, na tangu mwaka ule sijauweka mchezo wangu."

Wakamtoa Emery nje kwa kiti, amefungwa blanketi. Wakacheza. Katikati ya mchezo Curtis aliupata mpira, na bado ana mbio, mzee yule, akawapita wawili, akaja kwa kasi pembeni kabisa mwa uwanja, karibu na kiti. Emery akatoa mkono chini ya blanketi. Akaushika mshipi wa Curtis. Ndivyo hivyo tu, akaushika, na Curtis akasimama kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba, mpira ukadondoka kwenye theluji.

"Nimekukamata," Emery alisema. "Nimechelewa miaka ishirini na tano, lakini nimekukamata."

Curtis Doxtator alipiga magoti pale pale. Alicheka na kulia, na Emery hakuuachia mshipi. Uwanja mzima ukangoja. Hakuna aliyewaharakisha.

Wiki tatu baadaye Emery alituacha. Tess, binti yake, alimwuliza mama yake swali ambalo labda na wewe unaliuliza sasa: je, mchezo haukufanya kazi? Corinne alinipa jibu lake niwape na nyinyi. "Jioni ile alidai supu. Alikuwa na wiki nzima hajadai kitu. Na siku zote zilizobaki hakuwa na hofu, nami nililala ubavuni mwake bila hofu. Ulifanya kazi, mwanangu."

Corinne, Tess, Lorne, na nyumba yote ya Mbwamwitu: mimi ni wa ukoo wa Kobe, wa upande wa pili wa moto wa baraza, na sisi tusiofiwa ndio tunaopaswa kuwasemesha. Tunawafuta machozi, mpate kuona tena nani amekaa karibu nanyi. Tunawazibua masikio, mpate kusikia mnapoitwa. Tunawaondolea kilichokwama kooni, mpate kula na kusema. Kesho tutapika sisi, mtakula nyinyi. Baada ya kesho tutamwacha aende, kwa maana kule anakokwenda wanamngoja uwanjani, na naamini watampanga beki.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini jioni hii ni nani waliacha shughuli zao ili wewe upone, na wewe umewafanyia nini tangu hapo. Curtis Doxtator ameniomba nitangaze kwamba mwaka huu, ngurumo ya kwanza itakaposikika, anauweka mchezo wake, kule kwao, na sufuria itakuwa kubwa. Tarehe hakunipa. Na kama upo huko nyumbani, ulichezewa zamani, halafu miaka ikapita ukawa unaongeza sauti ya televisheni, Curtis anasema njoo na fimbo yako, hutaulizwa ulikuwa wapi.